Chokaa au Saruji, Vigae au Mabati: Ulinganisho kwa Kamati Inayokarabati Kanisa la Zamani la Pwani

Kamati ya ujenzi inayokabidhiwa kanisa la zamani katika mwambao wa Afrika Mashariki hukutana mapema na maswali yasiyokwepeka: ukuta utengenezwe kwa chokaa au kwa saruji, paa lirudishiwe vigae au liezekwe mabati, kazi apewe mkandarasi au ifanywe na mafundi wanaolipwa kwa kutwa, na je, si afadhali kubomoa na kujenga upya? Kila jibu lina watetezi wake katika ukumbi wa parokia, na mara nyingi sauti inayosikika zaidi ni ya mwenye shemeji auzaye vifaa vya ujenzi. Makala haya yanayapambanisha machaguo hayo kwa vipimo viwili tu. Cha kwanza ni maji: uamuzi huu utayawezesha maji kutoka ukutani, au utayafungia humo? Cha pili ni mikono: mfadhili akishaondoka, waumini wataweza kuirudia kazi hii kwa fedha yao wenyewe na kwa mafundi walio karibu nao?

Makanisa yanayozungumziwa ni yale yaliyojengwa kuanzia miaka ya 1860 hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Waanglikana wa misheni ya UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu lao la Mkunazini, Unguja, siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Kanisa la Mtakatifu Paulo la Rabai, nyuma ya Mombasa, ni la mwaka 1887, na Dar es Salaam makanisa mawili ya kando ya bandari, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yalijengwa na Wajerumani karne ya 19 ilipokuwa ikiisha na ya 20 ikianza. Hayo ndiyo yanayopigwa picha. Yapo mengine mengi madogo, yenye umri uleule na mawe yaleyale, ambayo hayana mtalii wala mfadhili, na hayo ndiyo yanayohitaji zaidi kuchagua kwa uangalifu, kwa kuwa fedha yake ikipotea haitapatikana nyingine upesi.

Kujua kilichopo kabla ya kuchagua

Uzee wa kanisa hauthibitishi kwamba lote ni la chokaa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa Mkunazini na kuzikwa nyuma ya altare yake mwaka 1882, alilifunika kanisa hilo kwa kuba refu la zege lililochanganywa saruji na kokoto za matumbawe, na wengi wa wakati wake waliamini kwamba lingeanguka. Halikuanguka. Kuta zake lakini ni habari nyingine, na fundi anayeziona zote kuwa kitu kimoja, akatumia dawa moja kwa kuba na kwa ukuta, ataharibu kimojawapo.

Kupima ni kazi nyepesi. Chukua msumari, nenda mahali pasipoonekana sana, kwa mfano nyuma ya sakristia, na ukwaruze kiungo kilicho kati ya jiwe na jiwe. Chokaa hukatika na kutoa unga mweupe au wa rangi ya maziwa, mara nyingi wenye chembe za mkaa na vipande vya makombe. Saruji ni ya kijivu, na msumari huteleza juu yake. Kisha pigapiga lipu kwa konzi kuanzia sakafuni hadi mkono unapofika, na popote panapotoa sauti ya uwazi patiwe alama ya chaki. Kamati ikizunguka jengo lote kwa namna hiyo itapata picha ya ukuta wake bila gharama yoyote, na aghalabu itagundua kwamba sehemu mbovu kuliko zote ni zile zilizowahi kutiwa viraka vya saruji katika matengenezo ya miongo iliyopita.

Chokaa na saruji

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa hiyo nitakaa zaidi. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na hunywa maji. Waashi wa zamani wa pwani walilipanga kwa udongo na mchanga uliochanganywa na chokaa, nayo ilichomwa kutokana na matumbawe yaleyale, wakapata kuta nene za nusu mita na zaidi. Hawakuweka chini tabaka la kuzuia unyevu usipande kutoka ardhini. Maji yalipanda, yakafika kimo fulani, yakatoka nje kupitia kwenye viungo na lipu, upepo wa kusi na kaskazi ukayakausha. Ukuta wa namna hiyo haukauki kabisa mwaka mzima, wala haukukusudiwa kukauka kabisa. Afya yake iko katika uwezo wa kutoa kila kinachoingia.

Lipu ya saruji inapopakwa juu ya ukuta huo, mlango wa kutokea hufungwa. Maji hayaachi kupanda kwa sababu mtu amepaka saruji. Huendelea kupanda juu zaidi, yakitafuta mahali pa kupenya, ndiyo maana ukuta uliokuwa na unyevu hadi magotini huonekana miaka michache baadaye una unyevu hadi madirishani. Pamoja na maji huja chumvi, ambayo pwani haikosekani ardhini, hewani, wala katika mchanga wa ufukweni ambao mafundi wasio waangalifu huutumia bila kuuosha. Chumvi hiyo huganda nyuma ya saruji, hutanuka, na kuisukuma. Lipu hutuna, hulia uwazi, kisha hudondoka kipande kizima, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, huanguka ikiwa imebandua uso wa jiwe. Mtu akiona hivyo husema kwamba fundi aliweka saruji kidogo, na safari ya pili huagiza mchanganyiko mkali zaidi, ambao huanguka na kipande kikubwa zaidi cha jiwe.

Chokaa hufanya kinyume chake. Ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo panapokuwa na mvutano yenyewe ndiyo inayochakaa na jiwe hubaki. Hupumua. Nyufa ndogo kama unywele huweza kujiziba zenyewe, kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa. Ukuta wa zamani husogea kidogo kila msimu, na chokaa huvumilia msogeo ambao saruji huujibu kwa kupasuka.

Pamoja na hayo, si haki kuiandika saruji kama adui, kwa maana watu wenye akili huichagua kwa sababu za kweli. Saruji hupatikana katika kila duka la vifaa. Hushika kwa saa chache, na kila fundi aliyepita mtaani anaijua. Kamati iliyoahidi kwamba Pasaka itasaliwa ndani ya kanisa lililokarabatiwa inaweza kutimiza ahadi yake kwa saruji. Chokaa haina haraka hiyo. Chokaa iliyochomwa inapotiwa maji huchemka kwa nguvu, inaweza kuunguza ngozi na kupofusha jicho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima. Ikishatulia, uji wake mzito huachwa ulale kwa wiki kadhaa, na ukilala miezi mitatu ni bora zaidi. Hupakwa kwa matabaka membamba juu ya ukuta uliokwisha kuloweshwa, tabaka moja likisubiri siku kadhaa kabla ya jingine, nalo hufunikwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Haifai kupakwa masika. Muda mzuri ni baada ya mvua za Machi hadi Mei, kuanzia Juni, na kazi ya nje imalizike kabla ya vuli. Fundi anayeahidi kumaliza lipu ya chokaa ya kanisa zima kwa wiki moja hajui chokaa, hata kama ni hodari sana katika saruji.

Gharama nazo zinadanganya. Kamati hulinganisha bei ya mfuko kwa mfuko, ilhali gharama ya chokaa imo zaidi katika siku za fundi na vibarua kuliko katika mfuko. Ukihesabu kazi ya mara moja, saruji karibu kila mara huonekana nafuu. Ukihesabu miaka thelathini, na kuingiza mara ambazo lipu ya saruji itabanduliwa pamoja na uso wa jiwe, hesabu hugeuka. Tena jiwe lililoliwa halirudi.

Kuna pia jambo la chanzo. Chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, na saruji kwa joto linalokaribia 1,450. Ndiyo sababu wazee waliweza kuchoma chokaa kwa magogo karibu na ufuo, na saruji ikasubiri kiwanda. Kwa kipimo cha mikono, hiyo ni nguvu ya chokaa. Lakini kurudi kuchoma matumbawe hai na kukata mikoko si heshima kwa wazee bali ni kuharibu mazalia ya samaki, na kanisa lisishiriki. Inunuliwe chokaa itokanayo na mawe ya nchi kavu, na mnunuzi aangalie asiuziwe chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa, kwa hiyo haishiki kamwe hata ikandwe vipi.

Wengi hupendekeza njia ya katikati, yaani chokaa yenye saruji kidogo ndani yake. Kwenye ukuta wa matofali ya saruji mchanganyiko huo ni mzuri, na hulainisha kazi. Kwenye sehemu ya chini ya ukuta wa matumbawe, ambako maji ndiko yanakopanda, sioni faida yake: udhaifu wa saruji unabaki, na upole wa chokaa unapungua. Anayetaka chokaa ishike upesi zaidi aongeze unga wa vigae au matofali ya udongo yaliyochomwa, yakasagwa laini. Dawa hiyo ni ya kale katika nchi nyingi, na haifungi vitundu.

Saruji ibaki mahali pake. Makanisa ya matofali ya saruji yaliyojengwa tangu miaka ya 1950 yatengenezwe kwa saruji. Linta (boriti za juu ya milango na madirisha) za zege zenye nondo zilizoanza kutu, mifereji ya maji ya mvua, msingi wa tangi na sakafu ya ofisi mpya ni kazi za saruji, na kuzifanya kwa chokaa kwa sababu ya mapenzi tu ni kujitafutia tabu.

Neno moja kuhusu rangi. Desturi ya kupaka rangi ya mafuta hadi kimo cha kiuno ili watoto wasichafue ukuta ina madhara yaleyale ya saruji, kwani hufunga sehemu ileile inayohitaji kupumua. Rangi ya chokaa huchuja na kuchakaa, huacha unga begani mwa anayeegemea, na huhitaji kurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Hata hivyo vijana wa kwaya wanaweza kuirudia Jumamosi moja kwa ndoo na brashi. Mimi ningeichagua bila kusita kwa ukuta wa nje, na kwa ndani ningekubali rangi nyingine pale tu ambapo ukuta umethibitika kuwa mkavu misimu miwili mfululizo.

Vigae na mabati

Katika paa uchaguzi si wazi kama ulivyo katika ukuta, na wanaopenda historia wanapaswa kukubali hivyo. Vigae vya udongo vina uzito wa kilo 40 na zaidi kwa kila mita ya mraba, wakati mabati ya kawaida hayazidi sana kilo 4 au 5. Kanisa lenye paa la mita za mraba 300 kwa hiyo linabeba tani 12 za vigae, ambazo zikibadilishwa mabati hupungua hadi kama tani moja na nusu. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilizoliwa na mchwa haziwezi kuhimili tani 12 eti kwa kuwa zilizihimili miaka mia moja.

Vigae vina ubora wake. Hewa ya bahari haiviozeshi. Havipashi kanisa joto kama bati, na mvua ikinyesha mahubiri husikika. Kikivunjika kimoja hubadilishwa kimoja, bila kugusa vingine. Shida yake ni kupata kinacholingana: vigae vya zamani vina vipimo na ndimi za kushikana zinazotofautiana kiwanda kwa kiwanda, na kigae kipya kisicholingana kwa sentimita moja tu huacha mwanya wa kupitisha maji. Kamati yenye busara hukusanya akiba mapema, hununua vigae vya majengo ya zamani yanayobomolewa mjini, na inapolazimika kuchanganya, hukusanya vya zamani vyote upande mmoja wa paa na kuweka vipya upande wa pili.

Mabati huezekwa kwa siku chache, hupatikana popote, na hayahitaji kenchi nzito. Pwani hata hivyo huliwa na kutu, kuanzia kwenye matundu ya misumari na kwenye maungio. Geji ni kipimo cha unene wa bati, na namba ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi. Geji ya 32, iliyo nyembamba, isikubaliwe hata kama ni msaada wa muumini. Geji ya 28 au nene zaidi, yenye mkandiko wa aluminiamu na zinki, iliyofungwa kwa skrubu zenye mpira, ni tofauti kubwa. Aidha paa jepesi hutaka kufungwa vizuri zaidi kuliko zito, kwa kuwa uzito uliokuwa ukilikalisha paa dhidi ya upepo umeondoka. Dari ya mbao au ya bodi hupunguza joto na kelele, na gharama yake ihesabiwe tangu mwanzo, kwa maana kamati nyingi huiacha kwa awamu ya pili, na awamu ya pili haiji.

Uamuzi wangu ni huu. Kenchi zikiwa nzima, vigae vibaki, na fedha itumike kubadilisha papi (mbao nyembamba zinazoshikilia vigae) zilizooza na vigae vilivyovunjika. Kenchi zikiwa zimekufa na fedha ya mbao nzito haipo, mabati mazuri leo ni bora kuliko vigae vya miaka mitano ijayo, kwa sababu masika mawili chini ya paa linalovuja yatakula kuta kuliko kosa lolote la mtindo. Paa la mabati linaweza kuondolewa siku moja na vigae kurudi. Ukuta ulioanguka haurudi. Ila vigae vizima vilivyoshushwa vihifadhiwe, visigawanywe.

Makanisa yaliyoezekwa au kuongezewa majengo katikati ya karne iliyopita yanaweza kuwa na mabamba ya asbesto. Hayo yasikatwe kwa msumeno, yasisuguliwe kwa brashi, wala yasivunjwe na vijana wa kujitolea, kwa kuwa vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yanayojitokeza miongo kadhaa baadaye. Aitwe mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kuyaondoa.

Kuhusu gata, wengi wanashangaa kukuta makanisa ya zamani hayana. Paa lake lilitokeza mbali, na maji yalidondoka mbali na ukuta. Kuongeza gata ni jambo jema mahali ambapo panahitajika maji ya tangi, kwa sharti kwamba kuna mtu anayezisafisha, kwani gata iliyoziba majani humwaga maji ya paa zima mahali pamoja, na ukuta wa mahali hapo ndio huanza kufa. Kama mtu huyo hayupo, paa lililotokeza na mfereji wa kokoto chini yake ni salama zaidi.

Mkandarasi na mafundi wa kutwa

Kazi ya chokaa haipatani na mkataba wa bei moja kwa kazi nzima, kwa sababu mkandarasi hupata faida kwa kuharakisha, na chokaa huharibiwa na haraka. Kwa kazi hiyo ni afadhali fundi mwashi mmoja anayejua, alipwe kwa kutwa, akiwa na vijana wawili wa kufundishwa na msimamizi aliyeteuliwa na kamati. Kasoro ya njia hii ni kwamba inategemea uaminifu wa watu wachache, na daftari la mahudhurio linapaswa kusainiwa kila jioni.

Kuta zinazopinda, minara, kuba na kenchi kubwa ni jambo jingine. Huko anahitajika mhandisi wa majengo, na mkandarasi aliyesajiliwa, ambaye kwa Tanzania jina lake huangaliwa katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani lililojengwa mwaka 1883 katika Mji Mkongwe, liliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu wawili wakafariki. Jengo kuukuu huwa hatarini zaidi wakati linapoguswa, kwa sababu kila kilichoondolewa kilikuwa kimebeba kitu. Kamati isiruhusu nguzo, linta wala boriti iondolewe kabla ya kuwekwa tegemeo lililopimwa, hata kama fundi amefanya hivyo mara nyingi kwenye nyumba za watu.

Ukarabati wa Mkunazini uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa kwa ushirikiano na shirika la World Monuments Fund, uliozaa pia kituo cha historia ya utumwa kilichofunguliwa mwaka 2016, ni kielelezo cha kazi kubwa iliyochanganya wataalamu na mafundi wa papo hapo. Parokia ndogo haiwezi kuiga bajeti ile. Inaweza kuiga mpangilio: kuzuia maji kwanza, mapambo baadaye.

Kukarabati na kujenga upya

Wanaotaka kubomoa wasidharauliwe. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya watu mia mbili leo lina waumini mara nne ya hao, na nusu yao husali chini ya turubai. Hoja ya nafasi ni hoja ya kichungaji, na haijibiwi kwa kusema jengo ni zuri. Inajibiwa kwa kuuliza kama nafasi hiyo lazima ipatikane mahali pale pale.

Bagamoyo inatoa mfano wenye faida, ijapokuwa si mkamilifu. Kanisa la kwanza la misheni, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, limebakiwa na mnara wake. Kanisa kubwa zaidi lilijengwa karibu nalo kati ya mwaka 1910 na 1914. Wamisionari wenyewe, tena miaka zaidi ya mia moja iliyopita, walipohitaji nafasi walijenga kando. Penye eneo la kutosha, njia hiyo ya tatu hushinda zote mbili: kanisa jipya kwa Misa na ibada za Jumapili, la zamani kwa sala za asubuhi, ndoa ndogo, ubatizo na katekesi. Sharti lake ni kwamba la zamani liendelee kutumika, maana jengo lililofungwa kwa heshima huharibika upesi kuliko linalofunguliwa madirisha kila siku.

Pasipo na eneo, na ukuta ukiwa umepinda kiasi ambacho mhandisi ameandika kwamba hautengenezeki, kubomoa kunaweza kuwa uamuzi halali. Hata hapo kibali kitangulie. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hakuna kazi inayoanza bila Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Askofu au bodi ya wadhamini nayo ndiyo yenye hati ya ardhi. Kamati haimiliki kitu.

Uwanja: kusakafia au kuacha wazi

Fedha ikibaki, mtu hupendekeza kusakafia uwanja wote kwa zege ili magari yaegeshwe na vumbi liishe. Kwa kanisa la matumbawe ni pendekezo baya likifika hadi ukutani. Ardhi iliyofunikwa haikauki juu, kwa hiyo unyevu wake huelekea mahali pekee palipo wazi, yaani ndani ya ukuta, na mvua inayogonga zege huruka na kulowesha lipu. Iachwe mita moja au zaidi ya kokoto kuzunguka jengo, mteremko uelekee nje, na udongo uliojilundika kwa miaka hadi kufunika mguu wa ukuta upunguzwe. Baada ya mita hiyo, kila parokia ifanye ipendavyo.

Miti huamuliwa mmoja mmoja. Mche wa mkuyu ulioota katika ufa wa mnara, uliopandwa na ndege, ung'olewe ukiwa bado na unene wa kidole, kwa sababu ukikomaa mizizi yake ndiyo inayoshikilia mawe, na kuukata ni kuyalegeza. Mwembe ulio mita kumi kutoka ukutani hauna kosa. Kule Bagamoyo mbuyu mkubwa wa misheni umeumeza mnyororo uliofungwa shinani mwake zamani, na hakuna mwenye akili ambaye angeukata kwa ajili ya maegesho. Makaburi yasihamishwe wala kufunikwa kabla ya ukoo na viongozi wa kanisa kukubaliana kwa maandishi.

Ukarabati mkubwa au matunzo ya kila mwaka

Parokia nyingi huacha jengo miaka ishirini, kisha hufanya harambee kubwa. Harambee ina mvuto: mgeni rasmi, kadi za michango, jiwe la kumbukumbu lenye majina. Hakuna aliyewahi kuwekewa jiwe la kumbukumbu kwa kusafisha gata. Lakini ukilinganisha kwa fedha tu, kigae kimoja kilichobadilishwa Februari kabla ya masika huokoa papi, papi huokoa kenchi, na kenchi huokoa ukuta, ilhali harambee hulipia vyote vinne. Sadaka ya Jumapili moja kwa mwaka ikitengwa kwa jengo peke yake, na isikopwe kwa ajili ya vipaza sauti, hutosha kwa makanisa mengi madogo.

Februari mzee wa kanisa mmoja na fundi mmoja wapande juu na kuangalia vigae, kofia za paa, gata na nyufa. Juni warudi kuangalia mvua imefanya nini. Waliyoyaona yaandikwe katika daftari la jengo linalokaa sakristia, pamoja na mambo ambayo fundi wa miaka ishirini ijayo atayahitaji na hatakuwa na wa kumuuliza: mchanga ulitoka wapi na kama ulioshwa, chokaa ilinunuliwa kwa nani na ililala muda gani, sehemu ngapi za mchanga kwa sehemu moja ya chokaa, ukuta upi ulipakwa mwezi gani, na vigae vya akiba vimewekwa chumba kipi.